Namna ya kumsoma Machado de Assis kwa kuanzia na kanari wake

Barazani kwetu Kikwajuni, hapa Unguja, tuna desturi ya kusoma kitabu kimoja kwa pamoja, siku moja kwa wiki baada ya sala ya Isha. Mwenye nakala huja na nakala yake, na asiye nayo huja na masikio yake. Mwaka mmoja tuliazimia kumsoma Joaquim Maria Machado de Assis, bingwa wa riwaya za tashtiti kutoka Brazili, na tukaanza vibaya. Tuliikamata moja ya riwaya zake mashuhuri, “Memórias Póstumas de Brás Cubas”, tukaisoma kama hadithi ya mapenzi, na ilipofika wiki ya tatu tulikuwa tumebaki watu wanne na dele la kahawa lililojaa pomoni. Mwaka uliofuata tulianza na hadithi yake fupi ya kanari, na mara hiyo tukaufikia ukurasa wa mwisho ya riwaya ile ile tukiwa watu 11. Njia ninayoieleza hapa ni hiyo ya pili, nayo inafaa kwa baraza, kwa darasa la skuli, na hata kwa mtu anayesoma peke yake chumbani.

Sisi tuliolelewa na mafumbo ya kanga na vijembe vya taarabu hujiona kuwa hakuna kejeli inayoweza kutupita. Lakini kijembe cha taarabu hurushwa na mtu mmoja kumwendea mwingine, na anayerushiwa hujijua hata akijifanya kuangalia pembeni. Kijembe cha Machado humrudia yule yule anayesimulia, na mwenyewe hana habari. Msomaji asiyelijua hilo humwamini msimulizi, humpenda kwa ulimi wake mtamu, na hufunga kitabu akiwa amedanganywa kwa ridhaa yake. Kwa hiyo swali la kwanza, katika kila ukurasa, ni kuuliza msimulizi anasema akiwa wapi: tundu lake, kama la ndege wa kufugwa, limetundikwa wapi, na kutoka humo anaona nini. Hadithi ya kanari inafundisha swali hilo kwa usiku mmoja.

Anzeni kwa kuwaeleza watu kanari ni ndege gani, maana wengi wamelisikia jina bila ya kumwona. Ni jamaa wa chiriku, mdogo kama yeye, mwenye mdomo mfupi na mnene wa kuvunjia mbegu. Asili yake ni visiwa vya Kanari, Madeira na Azores katika bahari ya Atlantiki. Porini rangi yake ni mchanganyiko wa kijani, kahawia na manjano, na ile njano tupu ya kwenye picha imetokana na ufugaji wa muda mrefu, baada ya Wahispania kuviteka visiwa vya Kanari katika karne ya 15 na kuanza kuwasafirisha ndege hao Ulaya. Anayesifiwa kwa kuimba ni dume. Ndege amepewa jina la visiwa, na visiwa, kwa maelezo yaliyopokewa tangu enzi za Warumi, vilipewa jina la mbwa. Jambo hilo lilituchekesha sana, sisi watu wa visiwani. Waambieni pia kwamba huyu tunayemwendea anasema, na anasema mengi, kwa hiyo methali zote za kwetu za mtu anayebwata kama chiriku zinakaribishwa barazani.

Hadithi yenyewe ilitoka mwaka 1895, na kwa Kireno jina lake ni “Ideias de canário”, yaani mawazo ya kanari. Kwa kuwa mwandishi alifariki mwaka 1908, matini yake ya Kireno ni huru na hupatikana bure katika intaneti. Tafsiri za Kiingereza, hasa zile za karibuni, zina wenyewe, na kuzitoa fotokopi kwa baraza nzima si halali. Sisi tulifanya hivi: mtu mmoja aliisoma hadithi kwa Kiingereza nyumbani mara mbili, kisha akaja kuihadithia kwa Kiswahili kwa maneno yake, bila ya karatasi mkononi. Nawasihi msijaribu kutafsiri sentensi kwa sentensi papo hapo mbele ya watu. Tuliwahi kuona bwana mmoja akihangaika dakika kumi na neno moja, na vicheko vilipokuja havikuwa vya Machado. Sentensi za kutafsiriwa mapema na kuandikwa kwa uangalifu ni tatu tu, nazo ni zile ambazo kanari anaulizwa dunia ni nini na anajibu.

Macedo, mtu aliyejishughulisha na elimu ya ndege, anapita njiani, na gari la farasi linalokwenda mbio nusura limwangushe. Anajiokoa kwa kurukia ndani ya duka la vikorokoro: masufuria yasiyo na vifuniko, vifuniko visivyo na masufuria, viatu, makufuli, kofia za ukindu, na mzee mwenye duka amejikalia nyuma kana kwamba naye anauzwa. Mlangoni limetundikwa tundu, na ndani yake yumo kanari. Macedo anajisemea kwa huruma ni mwovu gani aliyemtupa ndege mzuri kama huyo mahali kama hapo, na ndege anamjibu kwamba akili zake si nzima, kwani yeye hakupata kuwa na mmiliki yeyote. Je, yule mzee? Ah, huyo ni mtumishi wake, humletea maji na chakula kila siku. Na lau angetakiwa kumlipa, ujira ungekuwa mkubwa, lakini kanari hawalipi watumishi, kwa sababu dunia yote ni mali ya kanari na itakuwa upuuzi kukilipia kilicho chako.

Hapo msimamishe msimulizi na mnywe kahawa. Kisha ulizeni dunia ni nini kwa mujibu wa ndege huyu. Jibu la kwanza: dunia ni duka la vikorokoro lenye tundu dogo la mwanzi, la pembe nne, lililotundikwa kwenye msumari, na kanari ndiye bwana wa tundu hilo na wa duka linalolizunguka, nje ya hapo, vyote ni ndoto na uongo. Macedo anamnunua, anamweka katika tundu kubwa la mviringo, jeupe, barazani kwake, na kukaa wiki tatu akijifunza lugha yake. Jibu la pili: dunia ni bustani pana kiasi yenye chemchemi katikati, maua, majani, hewa safi na kipande cha buluu juu, na kanari, bwana wa dunia, anakaa katika tundu pana jeupe; yaliyobaki ni ndoto na uongo. Siku chache baadaye Macedo anaugua kwa kazi nyingi, mtumishi anafungua tundu kulisafisha, na ndege anakwenda zake. Wanakuja kukutana tena katika bustani ya rafiki, kanari akiwa juu ya tawi. Jibu la tatu: dunia ni uwazi wa buluu usio na mwisho, na jua juu yake. Macedo anakasirika na kumkumbusha kwamba dunia iliwahi kuwa hata duka la vikorokoro. Kanari anamuuliza kama maduka ya vikorokoro yapo kweli.

Andikeni majibu hayo matatu juu ya kipande cha boksi kikubwa, moja chini ya jingine, kila mtu ayaone. Kinachobadilika ni ukubwa wa tundu. Kiburi kiko pale pale. Halafu, kama inawezekana, leteni tundu la kweli. Mimi nililiazima kwa mtoto wa jirani: vijiti vya mwanzi vimefungwa kwa uzi wa nailoni, chini mna magamba ya mtama na vinyesi vilivyokauka vyeupe, na katikati mna kijiti kimoja kilichong'arishwa na miguu mpaka kimekuwa laini kama shanga ya tasbihi. Tulilitundika mlangoni kwa msumari, na kila mmoja aliinamisha kichwa karibu nalo, akaeleza anachokiona kupitia vijiti. Bi mmoja mtu mzima, mshoni wa nguo, aliinama akatazama, akasema: “Naona miguu yenu tu, wanangu, na mmoja wenu hajapaka dawa kiatu tangu Idi.” Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya mtazamo wa msimulizi.

Baraza ikiwa imependa ndege, ongezeni usiku mmoja wa kanari wengine wawili kwa kulinganisha, lakini msizidishe. Katherine Mansfield, mzaliwa wa New Zealand, aliandika “The Canary” mwaka 1922, na ndiyo hadithi ya mwisho aliyoikamilisha kabla ya kufariki Januari 1923. Mwanamke mpweke anatuonyesha msumari uliobaki ukutani mahali palipokuwa na tundu, na kutoka msumari huo anasimulia maisha yake yote. Msumari ule ule, tundu limeondoka. Susan Glaspell wa Marekani aliandika mchezo wa kuigiza mwaka 1916, na mwaka uliofuata akaugeuza kuwa hadithi fupi: mume amenyongwa kitandani, mke amewekwa ndani, wanaume wa sheria wanapekua nyumba nzima kutafuta ushahidi huku wakiwacheka wake zao kwa kushughulika na mambo ya jikoni, na ni wanawake hao wanaomkuta kanari aliyevunjwa shingo, amevingirishwa kwenye hariri ndani ya kisanduku cha ushoni. Nimeona mara mbili sasa kwamba hadithi hii hugawa baraza kati ya wanaume na wanawake. Mwenye kuongoza ajiandae. Ama yule kanari wa migodini, aliyependekezwa na mwanasayansi John Scott Haldane ili awatangulie wachimbaji kuigundua gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayomuua mtu aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, huyo muacheni nje. Migodi ya Uingereza ilimstaafisha mwaka 1986, lakini misemo ya Kiingereza haijamstaafisha, na msomaji aliyeizoea hutaka kila kanari amwonye mtu. Kanari wa Machado hamwonyi yeyote.

Baada ya hapo ndipo mumtambulishe mwandishi, na mfanye hivyo kwa ufupi. Alizaliwa Rio de Janeiro tarehe 21 Juni 1839; baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtoto wa watumwa walioachwa huru, na mama yake alikuwa mfua nguo aliyetoka Azores, mojawapo ya asili za ndege wetu kanari. Alianza kazi akiwa mwanagenzi wa kiwanda cha uchapaji, akajisomesha mwenyewe, akaugua kifafa, akawa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na mwaka 1897 akawa rais wa kwanza wa chuo cha wanafasihi wa Brazili. Utumwa nchini mwake ulifutwa tarehe 13 Mei 1888, yeye akiwa na miaka 48. Tarehe hiyo iandikeni juu ya boksi lenu. Ndege anayesema kwamba mtumishi halipwi kwa kuwa dunia ni mali yake aliandikwa miaka saba tu baadaye.

Kitabu cha pili kiwe “O Alienista”, riwaya fupi ya mwaka 1882, ambayo huchukua usiku mbili. Daktari Simão Bacamarte anafungua nyumba ya wendawazimu katika mji mdogo wa Itaguaí, na baraza la mji linaigharimia kwa kutoza kodi manyoya yanayopambwa farasi wa mazishi. Anaanza na vichaa wa kweli, kisha anawafunga wenye majivuno, wenye kusitasita, wenye adabu iliyopindukia, mpaka sehemu nne kwa tano za wakaazi zimo ndani. Kinyozi anaongoza uasi, anashinda, na akishashika madaraka anaanza kumhitaji daktari. Halafu daktari anafanya hesabu upya: ikiwa walio wengi ndio hivyo, basi mgonjwa ni yule aliyetulia. Anawaachia wote na kuwafunga wenye akili timamu. Mwishowe anajifunga mwenyewe. Msiwaeleze watu kwamba hiki ni kitabu kuhusu serikali. Watalisema wenyewe, kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ya chini ndiyo alama kwamba wamesoma vizuri. Kazi ya mwongozaji ni kuwarudisha kwa daktari na kuuliza tundu lake ni lipi. Sisi tulikubaliana kwamba ni kipimo: kila mara anabadilisha wanaopimwa, wala hakiulizi kipimo chenyewe.

Sasa mko tayari kwa “Memórias Póstumas de Brás Cubas”, riwaya iliyotoka kitabuni mwaka 1881. Ina sura 160, nyingine za mistari michache, na tukisoma sura 20 kwa usiku inamalizika kwa usiku nane. Anayesimulia amekwisha kufa. Kitabu amemtunukia mdudu wa kwanza aliyeitafuna maiti yake, na anatueleza kwamba alifariki saa nane mchana siku ya Ijumaa mwezi wa Agosti mwaka 1869, na kwamba waliomsindikiza makaburini walikuwa marafiki 11. Kwa msomaji wa Zanzibar hapa pana kikwazo ambacho hakimo katika tafsiri yoyote: tunajua, au tunaamini tunajua, maiti anaulizwa nini na nani. Mzee mmoja kati yetu alikataa kuendelea mpaka tufafanue kama huyu yuko barzakhi, yaani baina ya kufa na kufufuliwa, na kama yuko huko, mbona ana nafasi ya kutania. Msilipuuze swali hilo. Lililotusaidia ni jibu la kijana aliyesema kwamba huyu bwana anaandika kana kwamba hakuna hesabu inayomngoja, na kwamba hilo nalo ni tundu.

Zoezi la riwaya hii ni moja, nalo nalisisitiza kuliko yote. Kila mtu awe na daftari lenye safu mbili: upande mmoja yale Brás Cubas anayosema juu ya nafsi yake, upande wa pili yale anayotenda au anayoyaacha yatendeke. Kuhusu Marcela anaandika kwamba mwanamke huyo alimpenda yeye Brás kwa miezi 15 na konto 11, na konto moja ni réis milioni moja. Sentensi hiyo peke yake inajaza safu zote mbili. Sura nyingine haina neno hata moja, ni nukta tupu, akieleza jinsi asivyopata uwaziri. Daftari likiwa tupu mahali hapo, mmesoma sawasawa.

Mahali pa kusimama usiku mzima ni sura ya 68. Brás alipokuwa mtoto alikuwa akimpanda mgongoni Prudêncio, mtoto mtumwa wa nyumbani kwao, kamba mdomoni kama hatamu na fimbo mkononi, na yule mtoto akigumia aliambiwa anyamaze, mnyama we. Miaka inapita, Prudêncio anaachwa huru. Siku moja Brás anapita Valongo, bandarini pale Rio walipokuwa wakishushwa watumwa, anamkuta mtu mweusi akimchapa mwenzake hadharani, na mchapaji ni Prudêncio: amejinunulia mtumwa wake. Brás anamwambia amsamehe, naye anatii papo hapo, kama zamani. Kisha msimulizi anaondoka akiwaza kwamba jambo hili kwa ndani linachekesha, kwa kuwa Prudêncio anayalipa mapigo aliyoyapokea, tena na riba.

Tulipoisoma sura hiyo mara ya kwanza, katika ule mwaka mbaya, mtu mmoja alinyanyuka akasema mwandishi anaucheka utumwa, na akaondoka. Mara ya pili tulikuwa na kanari nyuma yetu, na tundu kichwani. Tuliuliza: nani anacheka? Brás. Aliyeifunga kamba ile mdomoni mwa Prudêncio ni nani? Brás. Safu ya kushoto ikasema “nilimwombea msamaha”, na safu ya kulia haikuhitaji kuandikwa. Waongozaji wa Unguja wanaweza kuisoma sura hii asubuhi ya mapumziko pale Mkunazini, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza, ingawa hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria hapa mpaka 1897, miaka tisa baada ya Brazili. Gati la Valongo liliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2017, na Mji Mkongwe mwaka 2000. Tukiwa tumekaa kwenye ngazi pale, mwalimu mmoja mstaafu aliuliza katika koo zetu ni nani anayesimulia kwa ulimi wa Brás. Hatukulijibu siku hiyo.

“Dom Casmurro” ya mwaka 1899 isomeni baadaye, na kwa tahadhari moja. Mume, ambaye ni mwanasheria, anamtuhumu mkewe Capitu kwa uzinzi, na kwa miongo mingi wasomaji walimwamini, mpaka Helen Caldwell wa Marekani, aliyeitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1953, alipoandika kitabu mwaka 1960 kuonyesha kwamba shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu ni mtu mmoja. Msiseme hayo kabla ya watu kumaliza kusoma. Waacheni wamhukumu Capitu kwanza, wapige kura kwa mikono, mwandishi wa baraza aiandike hesabu. Kisha fungueni kesi upya. Kwetu kura ya kwanza ilimtia hatiani kwa 8 dhidi ya 3, na wale watatu walikuwa ndio waliobaki na daftari zenye safu mbili.

Mkitaka kurudi nyumbani baada ya safari hiyo, someni “Babu Alipofufuka” ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, iliyochapishwa mwaka 2001. Humo nako maiti anarudi kusema na walio hai, ila safari hii anayekaa tunduni ni mjukuu mwenye cheo, K, na babu ndiye anayeliona tundu kutoka nje. Wekeni boksi lile lenye majibu matatu ya kanari pale pale ukutani, na usiku wa kwanza, kabla ya kufungua kitabu, mwombeni kila mmoja aandike chini yake dunia ni nini kwa K.